Sindano ya Mwezi: Jinsi ya Kuchoma Flufenazini Dekanoeti

Wauguzi wenzangu mnaoanza kliniki ya afya ya akili, dawa hii humsaidia mgonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoleta sauti na imani zisizo za kweli) akae wiki 2 hadi 5 bila kuhangaika na vidonge. Imeyeyushwa katika mafuta ya ufuta, hivyo hutoka msulini kidogo kidogo na kuzuia vipokezi vya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ubongoni. Lakini ikishaingia, hakuna wa kuitoa. Ndiyo maana hatuiharakishi.

1. Uliza kama ana mzio wa ufuta, na kama aliwahi kutumia dawa za kundi hili zikamsumbua. Aliyelewa au asiyeamka vizuri, usimchome.

2. Kwa anayeanza, daktari huandika dozi ya majaribio: miligramu 12.5, yaani nusu mililita ya ampuli yenye miligramu 25 kwa mililita. Msubiri siku 4 hadi 7 uone dawa inavyompokea kabla ya dozi inayofuata.

3. Bomba na sindano viwe vikavu kabisa, kwani unyevu huitia dawa ukungu. Tumia sindano ya unene wa geji 21, robo ya juu ya tako upande wa nje. Vuta ngozi pembeni, choma, vuta bomba uone kama damu inakuja, kisha sukuma polepole maana mafuta ni mazito. Hesabu hadi kumi, chomoa, achia ngozi. Usisugue.

4. Kaa na ndugu zake, na usiruke hatua hii. Kijana mmoja aliletwa siku ya pili, shingo imepinda hadi begani, macho yamekwama juu. Mama yake alikuwa ameshampitisha kwa mganga, akidhani ni majini. Nilimchoma prometazini, dawa ya mzio inayolegeza pia mkakamao huo, miligramu 50. Baadaye shingo ikalegea, akaomba maji. Mama akaniuliza, "Mwanangu, mbona hukuniambia?" Tangu siku hiyo namwambia kila mama: akikakamaa shingo, taya au macho, ni dawa hiyo, mlete hata usiku.

Asiyeweza kutulia kitini naye mchunguze vizuri. Wengi hudhani ugonjwa umezidi, wakaongeza dozi, kumbe dawa ndiyo inayomsumbua.

5. Homa, mwili mgumu kama ubao, jasho na kuchanganyikiwa: sitisha dozi zote, mpeleke hospitali papo hapo.

6. Andika tarehe, dozi na tako ulilochoma. Kila akirudi, tazama midomo na ulimi. Akiwa anatafuna na hana kitu mdomoni, mwarifu daktari siku hiyohiyo, maana hali hiyo ikikomaa huweza kubaki hata dawa ikiachwa.