Somo: Maji ya moto yasiyomuunguza mzee bafuni

Ngozi ya mzee ni nyembamba, na mwenye kisukari anaweza asihisi joto miguuni mpaka ameshababuka. Maji ya nyuzi 60 huunguza vibaya ndani ya sekunde chache. Hata hivyo usishushe hita hadi 40: bakteria wa Legionella, wanaoleta nimonia kali, huzaliana kati ya nyuzi 20 na 45. Kwa hiyo tangi libaki 60, na bafuni maji yasizidi 41.

1. Hita. Zima umeme, fungua kifuniko, weka thermostati kwenye 60. Lita 100 kutoka nyuzi 28 kwa koili ya kilowati 3 huchukua kama saa moja na robo, karibu yuniti 4 za LUKU.

2. Valvu ya kuchanganya. Hii huchanganya maji ya moto na ya baridi ili bafuni yasizidi 41. Hapa ndipo mafundi wengi hapa Dar wanapokosea. Maji ya moto wanayatoa kwenye hita inayolishwa na simtanki, ya baridi wanayaunga moja kwa moja na bomba la DAWASA. Siku ya mgao maji ya baridi yanakatika, ya moto yanaendelea kutiririka. Lisha pande zote mbili kutoka simtanki moja. Kila upande uwe na chujio na valvu ya kuzuia maji kurudi. Kila mita moja ya kimo cha simtanki inakupa bar 0.1 tu, hivyo nunua valvu iliyotengenezwa kwa presha ndogo.

3. Jaribio. Fungua maji dakika mbili, pima kwa kipimajoto, rekebisha. Kisha funga koki ya baridi: maji yanatakiwa kukata karibu papo hapo. Yakiendelea kutoka ya moto, funga bafu hilo mpaka valvu itengenezwe. Rudia kila miezi sita, na mara moja zaidi kila bomba linapofanyiwa kazi, maana mchanga huziba chujio.

4. Wanaoogeshwa kwa ndoo. Baridi iingie kwanza, siku zote. Lita 10 za baridi na lita 6 za nyuzi 60 zinatoa takriban nyuzi 40. Kama ni maji yaliyochemka jikoni, lita 13 za baridi kwa lita 2 na nusu zinatosha. Koroga, pima, ndipo mzee aguswe na maji.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, sisi tuna shawa ya umeme ya kuchemsha papo kwa papo. Inafaa?*
Kwa wazee siishauri. Koili inatoa joto lilelile hata maji yakipungua, kwa hiyo presha ikishuka maji yanapanda joto ghafla.

*Valvu ya usalama ya hita inachuruzika, niizibe?*
Usiizibe kamwe, tangi linaweza kupasuka. Tone kidogo wakati wa kuchemsha ni kawaida, maji yanatanuka. Ikichuruzika muda wote, badilisha.

*Tunatumia kisima, koili zinakufa kila mara.*
Ni ukoko wa chokaa. Unaifunika koili, inashindwa kutoa joto, inaungua. Ifungue kila miezi sita uiloweke kwenye siki, na ukague fimbo ya magnesiamu, ile inayolika badala ya tangi kushika kutu.

*Chumba kikikaa bila mtu?*
Kila wiki vua kichwa cha shawa, uache maji yatiririke dakika kadhaa bila kurusha manyunyu. Bakteria wa Legionella huingia kwa kuvutwa na pumzi.