Umepata residensi kijijini Ufaransa? Usianze na mandhari

Wiki mbili za kwanza nilichora kalenda za benki. Unazijua zile: mto, daraja, ng'ombe watatu, wingu moja. Nilikuwa residensi, yaani nafasi ya msanii kuishi na kufanya kazi ugenini kwa muda, bonde la mto Creuse, katikati ya Ufaransa, kwenye banda la zamani la nyasi za ng'ombe lililogeuzwa studio, na kila asubuhi nikifungua dirisha nakuta picha imeshajichora yenyewe, haina haja na mimi.

Vijana wa Oysterbay, pale nilipojifunzia kazi kwa fundi wa michoro ya Tingatinga, huniuliza: dada, nikipata residensi kama yako, nifanyeje nisirudi mikono mitupu? Nimewajibu kwa sauti za WhatsApp mpaka koo limekauka. Leo naandika, anayetaka asome.

Makaratasi nayapita mbio. Ukienda kwa siku 90 au pungufu unaomba viza fupi ya Schengen. Utadaiwa barua ya mwaliko, ushahidi wa mahali pa kulala, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Hakikisha barua ya mwaliko inataja wazi nani analipa nini. Yangu ilisema nitapewa "vifaa vya msingi", na mimi kwa ushamba wangu nikadhani ni rangi. Ilikuwa meza na kiti.

Treni ya Limoges inaondokea Paris kituo cha Austerlitz. Kwa upande ule wa Creuse unashukia La Souterraine. Kutoka hapo mwambie mwenyeji wako aje na gari. Usitegemee kitu kinachofanana na daladala.

Kuhusu mzigo nina ya kusema zaidi, maana hapo ndipo nilipoumia. Tapentaini na thina haviruhusiwi ndegeni, hata kwenye begi la chini, kwa hiyo rangi yetu ya mafuta ya kopo iache nyumbani. Nilibeba rangi za akriliki za tyubu, na vipande 20 vya hadibodi vya ukubwa wa daftari, nimekatiwa na seremala na kuvipaka praima, ile rangi ya chini ya kuandalia ubao, kabisa Dar. Wazo la hadibodi lilikuwa zuri. La akriliki lilikuwa zuri nusu. Mimi ni mtu wa Tanga, nimezoea rangi inayokaukia kwenye brashi kabla hujaamua uiweke wapi. Asubuhi ya Aprili Creuse ni nyuzi nne, tano. Akriliki haipendi baridi ya namna hiyo. Chini ya nyuzi 10 hivi haishikani sawasawa. Nilipaka nje saa mbili asubuhi, jioni nikaikuta bado inanata, na ilipokauka ikapasuka kama chungu kilichochomwa vibaya. Tangu hapo asubuhi nilitoka na penseli na rangi za maji tu, akriliki nikaiacha ndani karibu na hita mpaka mchana. Bebeni rangi za maji, hata kama mnaziona za watoto wa shule. Bebeni na buti za mvua. Na kanga mbili. Matumizi yake nitayasema mwishoni.

Sasa tuje kwenye lenyewe.

Ukiingia dukani kule bila kusema "bonjour" umefanya kosa lile lile la kuingia nyumba ya watu bila hodi. Si "bonjour" ya kunong'ona. Msalimie muuzaji, wasalimie na waliomo, ndipo useme shida yako. Na ujue saa zao: mchana wanafunga wakale, Jumapili ni bure kutoka, na Jumatatu pia maduka mengi hayafunguliwi. Kijijini kwetu hapakuwa na duka kabisa. Gari la mkate lilipita Jumanne na Ijumaa likipiga honi, na kila lilipopiga nilimkumbuka muuza samaki wa baiskeli na pembe yake. Watu saba, wanane wanatoka na vikapu. Nilikuwa nanunua mkate nakimbilia studio, nikidhani sanaa iko studio.

Juma la tatu, siku ya gari la mkate, mvua ilinizuia nikabaki kwenye baraza moja na mzee mmoja, mkulima mstaafu. Kifaransa changu ni cha kuombea maji. Nilimwita Babu, nikamweleza kwa mikono kwamba kwetu ndivyo tunavyomwita mtu wa umri wake, akacheka, akaitika. Akaniuliza nachora nini. Nikamwonyesha simuni ule mto na lile daraja. Akatikisa kichwa kwa adabu, akanishika kiwiko, akanipeleka nyuma ya kanisa, mahali pa kufulia pa zamani. Vijiji vingi vya kule vinapo: birika la mawe, paa la vigae, maji ya chemchemi yanaingia huku na kutokea kule. Ukingo wake umejengwa kwa mabamba ya mawe yaliyolalia maji, na kila bamba limechimbika pale ambapo mikono ya mama mmoja ilisugua nguo miaka nenda rudi. Nilihesabu mashimo saba. Babu akaenda moja kwa moja kwenye la tatu kutoka kushoto, akaligonga kwa fimbo, akasema: "Maman." Mama yake.

Vipande vyote 20 nilivichorea jiwe hilo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni foleni ya mkate. Wa pili ni kuchagua mahali pamoja na kuganda hapo. Pawe karibu kiasi cha kwenda na kandambili, padogo kiasi kwamba hugeuzi shingo kupaona pote, na pasiwe kwenye kadi za posta. Kisha kaa siku tatu bila kuchora. Andika saa na unachokiona, basi. Daftari langu la siku ya pili lina hivi: "Saa mbili asubuhi: jiwe jeusi, maji meupe. Saa nne: jiwe limekuwa majivu, madoa ya kuvu ya manjano yametokeza. Saa nane: mvua, jiwe na maji kitu kimoja. Saa mbili usiku: jua linapita chini ya paa, maji yanacheza kwenye dari."

Ndiyo, saa mbili usiku na jua bado lipo. Hili mtu wa pwani yetu halijui mpaka limpate. Dar jua linazama saa kumi na mbili na nusu jioni, mwaka mzima linasogea kidogo tu huku na huku. Kule, kwa wiki zangu sita za Aprili na Mei, siku ilirefuka kwa kama saa mbili, na mwisho wa Mei jua lilizama saa tatu na nusu usiku. Ukirudi mahali pale pale saa ile ile wiki ya pili yake, kivuli ulichokianza hakipo. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea kuketi.

Kama unadhani ni ugeni wako, msikilize Monet, yule mchoraji Mfaransa. Machi 1889 alikwenda Fresselines, kilomita chache tu kutoka nilikokuwa, mahali mito miwili ya Creuse, mkubwa na mdogo, inapokutana, akabaki mpaka Mei. Alikuwa na picha zaidi ya 20 za bonde lile lile kwa mkupuo, kila moja na mwanga wake. Mvua ikamcheleweshea kazi, na kwenye baadhi ya picha kulikuwa na mwaloni aliouanza ukiwa mkavu, matawi matupu ya baridi. Mei ikafika, mti ukachanua majani. Mwingine angelia au angeanza upya. Yeye alimwendea mwenye mti, akatoa pesa, wakaletwa watu na ngazi, wakayang'oa majani yote, jani kwa jani, mti ukarudi kuwa wa Machi ili bwana amalize picha yake. Babu aliijua hadithi hii na aliisimulia kama kichekesho cha watu wa Paris. Mimi nilicheka, halafu usiku sikulala vizuri, kwa sababu na mimi ule ukungu wa kijani ulishaanza kupanda kwenye jiwe langu, na nilikuwa nimeufikiria kisu.

Sikuukwangua. Niliacha kila kipande cha hadibodi kiwe na saa yake, nikakimaliza siku hiyo hiyo. Hapa sina sheria ya kukupa. Mwenye pesa na ngazi afanye kama Monet. Ila amua mapema kama unafukuza mwanga au unaungoja, kwa sababu wiki ya nne ni kuchelewa.

Na usiogope kwamba jiwe moja litakuchosha. Jirani na hapo, Crozant, mchoraji Armand Guillaumin alirudi na kurudi kwa miaka kama 30 kwenye mawe yale yale na magofu yale yale ya ngome. Alikuwa mtumishi wa umma akichora kwa muda wa kuiba, mpaka mwaka 1891 aliposhinda bahati nasibu faranga 100,000 akaacha kazi. (Wanaoniuliza siri ya mafanikio ya wasanii, siri ndiyo hiyo.) Ukienda Crozant leo utakuta ziwa tulivu pale alipochora mto unaopiga kelele kwenye majabali, bwawa la Éguzon lilikamilika mwaka 1926, maji yakapanda.

Kijani kitakusumbua, nakuambia mapema. Sisi tumelelewa kwenye kijani cha mgomba kilichopigwa jua. Kile cha tyubu ukikiweka kwenye bonde la Creuse kinakaa kama shati la timu. Kifiche begini. Changanya manjano na nyeusi kidogo kidogo, utapata kijani cha zeituni, kizito, kinachokaa na mawe. Kwa kijivu cha jiwe usitumie nyeusi kabisa: chukua bluu iliyokolea, utie kahawia nyekundu, ile iliyo kama ngeu ya maseremala, kisha nyeupe. Bluu ikizidi, jiwe limelowa. Kahawia ikizidi, jiwe limekauka. Nilikaa siku mbili nzima na mchanganyiko huo tu, na nadhani ndizo siku mbili nilizofanya kazi kweli.

Makumbusho mengine yatakungoja. Moja nenda: Aubusson, zaidi ya saa moja kwa gari kutoka bonde letu. Ni mji wa mazulia ya ukutani yanayofumwa kwa mkono, na UNESCO iliuweka ufundi huo kwenye orodha yake mwaka 2009. Usiende kutazama yaliyotundikwa. Nenda kamtazame mfumaji. Nilisimama nyuma ya mama mmoja kwa muda mpaka akaanza kunitazama kwa wasiwasi. Kitambaa kimelala mbele yake kama meza, mchoro wa kufuata uko chini ya nyuzi, na anafuma kwa upande wa nyuma: uso wa picha umetazama chini, hauoni. Anapitisha uzi, anaukandamiza, anapitisha. Kadiri anavyokwenda, anachokiona ni ncha za nyuzi na mafundo. Bibi yangu alisuka ukili akitazama barabarani, vidole vikijua njia bila macho, na sikuwahi kuona kuwa hilo lina uhusiano na brashi. Nilirudi nikachora kipande cha kumi na mbili kwa kulitazama jiwe tu, bila kuangalia ubao. Kilitoka kimepinda, na ndicho nilichokianzia vingine vyote.

Mengineyo kwa kifupi. Nyasi zikirefuka kuna kupe wanaoleta maradhi, kwa hiyo jikague miguu kila jioni. Kuna mmea kando ya njia unaowasha kama upupu; hautoi onyo. Wenzako wa residensi usiwaonyeshe kazi kabla ya wiki ya nne, maana ni watu wema, watakusifia kalenda zako. Wapikie pilau badala yake; binzari nyembamba na iliki beba kutoka nyumbani.

Siku ya kufungua milango, wanakijiji wanapokuja kutazama, panga kazi kwa mpangilio wa saa, si wa uzuri. Watu wa pale watasimama na kubishana hii ni asubuhi gani, na hapo hata Kifaransa cha kuombea maji kinatosha.

Kufunga mzigo: kama ulichora kwenye turubai, ikunje kwa mviringo rangi ikiwa upande wa nje, isije ikajikunja na kupasuka. Hadibodi za akriliki usizilaze uso kwa uso, zitagandana. Tia karatasi ya kuokea katikati ya kila mbili, kisha zifunge kwa zile kanga na uzibebe mkononi. Mimi nilirudi na 19. Moja nilimwambia Babu achague, akachagua ile ya mvua ya saa nane, niliyoiona mbaya kuliko zote. Nne kati ya zilizobaki, ukizigeuza mwangani, unaona daraja na ng'ombe chini ya praima.