Vidole vya mzazi kwanza, tiketi baadaye: kwa wana-Mtwara na Lindi tulio Ulaya

Kama una mpango wa kumleta mzazi wako huku kutembea, na mzazi huyo yuko Newala, Tandahimba, Nachingwea au popote kule kwetu ambako korosho zinabanguliwa kwa mkono, anza na vidole vyake. Barua ya mwaliko, bima ya safari, taarifa za benki na pasipoti mnavijua, na orodha iko wazi kwenye tovuti ya ubalozi. Kinachowakwamisha wazee wetu ni alama za vidole zinazochukuliwa kwa ajili ya viza, na jambo hilo huambiwi na mtu mpaka mzee ameshafika dirishani.

Mama yangu amebangua korosho tangu usichana wake. Siku ya miadi ya viza Dar es Salaam, akiwa ametoka kwenye basi lililomchukua kutwa nzima kupitia Lindi, Nangurukuru na Kibiti, aliambiwa aweke vidole vinne vya kulia juu ya kioo cha mashine. Ikakataa. Vya kushoto, ikakataa. Kijana wa dirishani akafuta kioo kwa kitambaa, akasema, "Mama, kandamiza kidogo." Mama akakandamiza mpaka kucha zikageuka nyeupe, na mashine ikakataa tena. Akaambiwa arudi siku nyingine vidole vikipona. Hakuwa na kidonda hata kimoja. Mistari ndiyo haikuwepo.

Ganda la korosho lina uto mkali unaochoma ngozi. Wabanguaji hupaka majivu mikononi kujikinga, lakini ukibangua miaka na miaka ncha za vidole hulainika kama kokoto ya mtoni. Mashine nayo haimtambui mama kwa sura ya kidole kizima. Inatafuta mahali mstari unapokatika au kugawanyika mara mbili, inaweka alama hizo kwa hesabu, na siku nyingine inalinganisha hesabu mpya na ile ya zamani. Zikikaribiana vya kutosha inasema ndiye, zisipokaribiana inasema siye. Kwa hiyo jibu lake siku zote ni kadirio. Pasipo na mistari hakuna cha kuhesabu, na mzee mwaminifu anasimama pale akionekana kama mtu anayeficha kitu.

Sasa shikeni hili, maana ndilo lililotutesa. Kanuni za viza za Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, zinataka vidole 10, lakini zinasema wazi kwamba mtu ambaye haiwezekani kabisa kumchukua alama anasamehewa. Visipopatikana vyote, vinachukuliwa vile vinavyopatikana. Hali ikiwa ya muda tu, anadaiwa alama hizo atakapoomba viza mara nyingine. Kwa hiyo mzee akiambiwa "nenda, utarudi", asiondoke kimya. Aombe msimamizi, aeleze kazi ya mikono yake, aombe hali yake iandikwe kwenye fomu. Mwandikie wewe mwenyewe barua fupi ya kueleza hilo, aingie nayo mkononi, maana wazee wetu wamezoea kuinamisha kichwa mbele ya dirisha la ofisi. Narudia: asiondoke kimya.

Kabla ya hapo, apumzike kubangua wiki nne au zaidi, kwa kuwa ngozi ya juu huchukua karibu mwezi kujijenga upya. Panga miadi mbali na msimu, usimwite Novemba wakati korosho zimejaa ghalani na kila mkono unahitajika. Usiku apake mafuta ya nazi. Asubuhi ya miadi mikono iwe safi na mikavu, bila mafuta. Na akina dada, najua furaha yenu ya kumpamba mama anayekwenda Ulaya, lakini msimpake hina wala piko kwenye ncha za vidole. Mpambeni atakaporudi.

Jambo la pili ni kidole cha kuazima, na hapa nasema na wajomba zangu kwa heshima yote, maana kwetu mjomba akishasema neno, watu hulifuata. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, wazee wengi walikataliwa na mashine za mawakala. Nyumba nyingi zikamaliza tatizo kwa kumwita kijana aweke chake. Kwetu laini ya mama ilisajiliwa kwa kidole cha mpwa wangu. Simu ilipopotea, kurudisha laini kukahitaji kidole cha yule kijana, naye alikuwa machimboni Tunduru. Hela niliyotuma ya dawa ikakaa humo, inaonekana na haishikiki.

Kijana wetu hana ubaya, lakini si kila kijana ni wenu. Laini ni ya mwenye kidole. Fedha iliyomo atairudisha mwenye kidole, na laini ikitumika kutapeli watu atatafutwa mwenye kidole. Wala usikubali wakala akwambie "haijasoma, weka tena" bila kuona kwenye simu yake anasajili nini, kwa sababu ndivyo laini za watu wengine zinavyozaliwa kwa jina lako. Piga *106# uone ni laini ngapi ziko kwenye namba yako ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA, na waambie nyumbani nao wapige. Neno la siri likiibwa unalibadilisha. Kidole hubadilishi. Msiazimane vidole, jamani.

Wenyeji wetu hapa Ujerumani wanalijua hili kuliko sisi. Tangu Agosti 2021 kitambulisho chao lazima kibebe alama za vidole viwili, na raia mmoja aliyekataa aliupeleka mji wa Wiesbaden mahakamani. Kesi ikafika Mahakama ya Ulaya, ambayo Machi 2024 ilisema alama hizo ni halali ingawa sheria yenyewe ilipitishwa kwa njia isiyo sahihi. Napenda watu wanaouliza hivyo. Kinachonikera ni kwamba vidole viwili vya Mjerumani vinabishaniwa mpaka mahakama kuu, na vidole kumi vya wazazi wetu vinawekwa kwenye hifadhidata ya viza miaka mitano bila mtu kuwaeleza hata kwa sentensi moja. Sisi nasi tuulize. Nyumbani tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023, na nani ameitaja mbele ya wakala?

Wengine wanasema uso utatuokoa, kwa kuwa kamera haijali korosho. Usitegemee sana. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipima programu nyingi za kutambua nyuso mwaka 2019 na kukuta kwamba nyingi huchanganya zaidi nyuso za watu wa Afrika Mashariki na Magharibi, yaani zinasema watu wawili ni mmoja. Picha ya mzee ipigwe kwenye mwanga mzuri, uso wote uonekane, asitabasamu.

Viza ikitoka, kazi haijaisha. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen inaandikisha wageni kwa mfumo mpya wa kielektroniki. Mwenye viza hupigwa picha ya uso, na vidole vyake hulinganishwa na vile vilivyochukuliwa wakati wa maombi. Vilivyochukuliwa kwa shida Dar es Salaam vitaleta shida uwanja wa ndege. Kwa hiyo nakala ya ile fomu iliyoandikwa hali yake, barua yako na namba yako ya simu vikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la chini pamoja na korosho. Wewe mwenye kibali cha ukaazi huingii kwenye mfumo huo, mstari wako ni mwingine, ila usitoke nje ukamwacha mzee nyuma. Muulize afisa kama unaweza kusimama naye umtafsirie.