SOMO: Namna ya kuchagua namba za matoleo ya programu yako

Wakuu, kabla hujaandika 1.0 popote, jiulize kwanza: namba hii ataisoma nani?

Hatua ya 1. Kama msimbo (code) wako unatumika ndani ya programu za wengine, tumia namba tatu, mfano 2.4.1. Utaratibu huu uliandikwa na Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo. Ukirekebisha hitilafu tu, pandisha namba ya mwisho. Ukiongeza kitu bila kuharibu kilichokuwapo, pandisha ya katikati, ya mwisho irudi sifuri: 2.5.0. Ya kwanza inapanda pale tu anayekutegemea atakapolazimika kubadili msimbo wake: 3.0.0. Hapa pana uzito. Mtu akiona 2.5 anasasisha bila hofu, maana umemwahidi kwamba kazi yake haitaharibika. Ukifuta fankisheni moja (kipande cha msimbo anachokiita mwenzako) kisha ukaliita toleo 2.5.1, umemdanganya, na programu yake inaweza kugoma wateja wakiwa wamejaa.

Hatua ya 2. Kama msomaji ni mtumiaji wa kawaida, tarehe inamfaa zaidi. Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta, ndivyo wanavyofanya: 4.10 ni Oktoba 2004, 24.04 ni Aprili 2024. Umri wa toleo unaonekana papo hapo. Ila ukichelewa, na namba inabadilika: 6.04 ilisogezwa hadi Juni 2006, ikatoka kama 6.06.

Hatua ya 3. Jina weka ukipenda, lakini namba ibaki. Android walitangaza matoleo kwa majina ya vitu vitamu hadi 2019, ilipokuja Android 10.

Hatua ya 4. Toleo likishatoka, usiliguse. Hata ukikosea herufi moja, toa namba mpya.

MASWALI

Swali: Mkuu, baada ya 1.9 si inafuata 2.0?
Jibu: Si lazima. Inaweza kufuata 1.10. Nukta hii si ya desimali, kila namba inahesabiwa peke yake.

Swali: Mradi wangu bado mchanga, kila wiki nabadilisha mambo. Nianze na ngapi?
Jibu: 0.1.0. Sifuri ya mbele inawatahadharisha watu. Ila kama wapo wanaoitegemea kazini tayari, nenda 1.0.0.

Swali: Nimebadili 1.2 kuwa 1.3 lakini Play Store inakataa kupokea app yangu. Msaada tafadhali.
Jibu: Hiyo 1.3 ni ya macho ya mtumiaji. Play Store inaangalia versionCode, namba nzima isiyo na nukta, na lazima izidi ya toleo lililopita. Fungua build.gradle, faili la mipangilio ya kujenga app, upandishe versionCode, kisha ujenge upya.