Somo: Kidani cha Fedha chenye Bundi wa Athens

Sarafu tunayoiga ni tetradrakma (sarafu ya fedha ya drakma nne) ya Athens, mji wa Ugiriki ya kale, iliyokuwa na uzito wa gramu 17.2 hivi na upana wa takriban milimita 24. Upande mmoja una kichwa cha mungu wa kike Athena mwenye kofia ya vita. Upande wa pili yupo bundi aliyesimama kiubavu huku uso wake ukikutazama wewe. Nyuma yake kuna kijitawi cha mzeituni na mwezi mwandamo, na mbele yake herufi ΑΘΕ. Mzeituni ndio zawadi ambayo Athena, katika hadithi, aliwapa wenyeji akamshinda Poseidon, mungu wa bahari, katika kugombea ulinzi wa mji. Fedha ilitoka katika migodi ya Laurion, karibu na Athens, na ndiyo iliyogharimia merikebu zilizowashinda Waajemi huko Salamis mwaka 480 K.K.

Hatua ya 1: Kielelezo. Tumia nakala ya kisasa, kamwe si sarafu ya kale yenyewe. Sarafu hizi zilipigwa kwa nyundo, moja moja, kwa hiyo picha mara nyingi iliangukia pembeni na kishungi cha kofia kikakatika. Usijaribu kusahihisha kasoro hiyo, kwa sababu kidani kilichonyooshwa kikawa duara kamili huishia kufanana na kifungo cha koti. Ukipenda kuchonga mwenyewe, chonga kielelezo, usichonge kalibu (umbo la udongo ambamo fedha humiminwa): mimi nilichonga kalibu, nikapata herufi zinazosomeka kinyumenyume, na fedha yote ikarudi kwenye chungu.

Hatua ya 2: Kalibu. Shindilia udongo wa kusubia uliochanganywa na mafuta katika pete mbili za alumini, nyunyiza poda katikati ili zisigandane, kandamiza kielelezo, kisha zitenganishe na ukitoe polepole. Toboa njia ya kumiminia, na kwa sindano nene toboa matundu mawili ya kutolea hewa. Udongo wenye maji haufai, kwani mvuke unaweza kuirusha fedha ya moto usoni.

Hatua ya 3: Kusubu. Kidani chenye unene wa milimita 2 huchukua karibu gramu 9.5 za fedha ya 925 (yaani yenye fedha halisi asilimia 92.5), lakini yeyusha gramu 15 ili njia ya kumiminia nayo ijae. Fedha hii huyeyuka kwenye nyuzijoto 890 hivi. Tia boraksi kidogo (unga wa kusafishia madini yanapoyeyuka), endelea kupasha mpaka iviringike na kung'aa kama kioo, kisha mimina kwa mkupuo mmoja bila kusita.

Hatua ya 4: Kikonyo. Usitoboe sarafu, lehemu kipete kidogo ukingoni. Kwanza amua ni upande upi utakaosimama wima, kwa sababu katika sarafu nyingi za kale Athena na bundi hawakuelekezwa sawasawa.

Hatua ya 5: Weusi. Ponda yai lililochemshwa likaiva sana, uliweke pamoja na kidani katika chupa iliyofungwa, na uache kwa saa chache. Salfa ya yai huifanya fedha kuwa nyeusi. Kisha sugua sehemu zilizoinuka tu kwa msasa laini, ili weusi ubaki katika manyoya na kuzunguka macho.

Maswali ya wanachama

Swali: Macho ya bundi wangu hayakutokea, yamekuwa bapa. Nimekosea wapi?
Jibu: Aghlabu fedha imepoa kabla ya kufika, au hewa imekosa pa kutokea. Yeyusha upya. Usiyachonge macho baadaye kwa patasi, maana huonekana wazi kwamba yamebandikwa.

Swali: Wateja wangu wa Pwani husema bundi ni mkosi. Niwaambie nini?
Jibu: Usibishane nao. Wape Pegasus, farasi mwenye mabawa wa sarafu za Korintho, au Arethusa, binti wa chemchemi katika hadithi, wa sarafu za Syracuse, anayezungukwa na pomboo. Hatua ni zilezile, ila nywele za Arethusa zinahitaji udongo laini zaidi.

Swali: Bibi ameniachia riale ya Maria Theresa, ile sarafu ya fedha ya Austria. Je, naweza kuiyeyusha?
Jibu: Ina fedha asilimia 83.3 tu, hivyo kidani hakitastahili kugongwa alama ya 925. Ningekushauri uiache nzima, uizungushie fremu yenye kikonyo na uivae hivyo hivyo, kama wanawake wa Oman walivyozivaa riale hizo katika mikufu yao.