Kuchagua GPS na Ramani Zisizohitaji Mtandao kwa Safari za Nje ya Lami

Anayeondoka Nairobi kwa gari kuelekea Loiyangalani au jangwa la Chalbi atapoteza mtandao wa simu kwa muda mrefu, lakini hatapoteza GPS, kwa kuwa mawimbi yake hutoka kwenye setilaiti na hayategemei minara ya simu. Kinachokosekana huko ni ramani, na ndiyo maana ni lazima ipakuliwe ukiwa bado nyumbani.

Kwa wengi, simu yenye Organic Maps au OsmAnd inatosha, kwani programu hizi hutumia data ya OpenStreetMap, ambayo huonyesha hata njia nyingi za vumbi. Ukishapakua, zima data, kisha ujaribu kutafuta njia ya kwenda Maralal. Udhaifu wa simu ni joto: ikiachwa juani kwenye dashibodi inaweza kujizima. Kifaa maalumu, kama vile cha Garmin, hugharimu zaidi. Mimi ningekinunua tu iwapo safari hizo ni za mara kwa mara.

Jambo linalosahaulika sana ni majira ya nukta, yaani namba za latitudo na longitudo zinazoonyesha mahali. Ikweta hukata Kenya, hivyo Nairobi iko kusini yake na mji wa Marsabit uko kaskazini, takriban digrii 2.3; ukiandika kusini kwa bahati mbaya, kifaa kitakuelekeza karibu na Kibwezi bila kusita hata kidogo.

Beba pia chaja ya gari na ramani ya karatasi.