Namna ya Kudai Mgawo wa Mali ya Ndoa Ukiwa Kigoma

Wenye ndugu Marekani wamezoea kusikia kwamba ndoa ikivunjika mali hukatwa nusu kwa nusu. Hayo ni ya California; New York mahakama hugawa kwa kadiri inavyoona ni haki, na si lazima mafungu yalingane. Kwetu Tanzania, kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaitaka mahakama ielekee kwenye usawa, lakini baada ya kupima mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, mila za jamii na mahitaji ya watoto.

Anzia baraza la usuluhishi wa ndoa, kwa kuwa bila hati yake ya kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana, shauri kwa kawaida halipokelewi, na ndoa isiyotimiza miaka 2 huhitaji kwanza ruhusa ya mahakama. Ukifika Mahakama ya Mwanzo, omba talaka na mgawo kwa pamoja. Talaka iliyotamkwa sebuleni, hata mbele ya wazee, haigawi mali.

Kazi kubwa ni ushahidi. Mke aliyekuwa akianika dagaa Kibirizi huku mume akiwa ziwani alete daftari lake la mauzo, lile lenye madoa ya mawese, pamoja na stakabadhi za saruji na mabati na jirani aliyemwona akiwalipa mafundi. Asiyekuwa na biashara asikate tamaa: tangu shauri la Bi Hawa Mohamed la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani inazihesabu kazi za nyumbani kuwa mchango.

Shamba la michikichi ndilo huleta ubishi zaidi. Mume husema alilirithi kabla ya kuoa, na huenda ni kweli. Hata hivyo, ikiwa mke alipalilia na kupanda miche mipya hadi shamba likaongezeka thamani kwa kiasi kikubwa, nalo linaingia kwenye mgawo. Hesabuni miche hiyo mkiwa na shahidi, mapema.

Ukihofia nyumba ya ndoa kuuzwa kwa siri na ina hati, weka zuio kwa msajili wa hati. Usiporidhika na hukumu, una siku 45 za kukata rufaa.